Asilimia 122, kisha sifuri

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia: safu yako ya RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) inaijenga upya data kwenye diski mpya uliyoweka, na kiprogramu cha ufuatiliaji kimekuonyesha asilimia 122 kisha sifuri, ukaogopa kwamba kazi imerudi mwanzo. Hofu yako naielewa. Si jambo jepesi kuangalia diski mpya ikijazwa huku data za watu zikitegemea zilizobaki. Nakusihi usiizime seva wala usiiwashe upya. Kwa jinsi ulivyonieleza, naamini kazi inakwenda sawasawa, ila namba unazoonyeshwa ndizo za uongo.

Diski ya terabaiti 4 kama hizo zako huwa na sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) 7,814,037,168. Programu inayohesabu kwa biti 32 (yaani tarakimu 32 tu za 0 na 1) hujaa ikifika sekta 4,294,967,296, ikarudi sifuri. Basi hata jumla yenyewe inaisoma kuwa 3,519,069,872, yaani kile kilichobaki baada ya kurudi sifuri. Kazi ikifika asilimia 45 tu, skrini inasema 100. Inazidi kupanda mpaka 122, halafu ghafla sifuri, na safari inaanza tena. Si ndivyo ulivyoona?

Hakikisha mwenyewe. Fungua faili /sys/block/md0/md/sync_completed (kama safu yako inaitwa md0). Mna namba mbili: sekta zilizokwisha na jumla yake. Ya kwanza haisogei kila sekunde, kwa hiyo ipe dakika kumi hivi ndipo uisome tena. Ikiwa imepanda, igawe kwa ile ya pili; hiyo ndiyo asilimia ya kuaminika.

Kisha pitia dmesg (orodha ya ujumbe wa keneli, kiini cha mfumo wa Linux), na hapa usiharakishe. Ujenzi ukianza, keneli huandika "md: recovery of RAID array md0". Ukiukuta mstari huo mara moja tu tangu uweke diski mpya, kazi haijarudia mwanzo, hata skrini iseme nini. Ukiukuta mara mbili, hapo ndipo pa kushtuka: soma mistari iliyoutangulia, utafute diski iliyoshindwa kusomeka. Usiguse kitu kabla hujaniandikia.

Kuhusu muda uliobaki unaorukaruka kwenye /proc/mdstat (faili inayoonyesha hali ya safu), usikutie wasiwasi. Unakokotolewa kwa kasi ya takriban sekunde 30 zilizopita, kwa hiyo watumiaji wakizidi, saa zinaongezeka.

Kazi ikiisha, badilisha hicho kiprogramu cha ufuatiliaji kwa toleo linalohesabu kwa biti 64. Kwa sasa nitumie zile namba za mara zote mbili, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Ni mimi rafiki yako