Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Tanga

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Ya fedha namwachia mhazini. Deni hatuna, ila ada zinalegalega. Mimi nitazungumzia shauri lililotugawa mwaka mzima, yaani sheria ya ukahaba.

Msimamo wa kamati ni kwamba kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kifutwe pale kinapomtaja kahaba anayezurura. Hicho ndicho kinachojaza karandinga usiku wa msako Ngamiani. Anabebwa aliyesimama barazani. Anayehesabu fedha ndani analala usingizi wa pono. Na si kwamba sheria haimjui: vifungu vya 145 na 146 vinamlenga anayeishi kwa mapato ya ukahaba, na cha 148 kinamlenga mwenye danguro. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo Arusha, ilishasema tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakinzana na Mkataba wa Afrika. Bado tunazo.

Mtakumbuka yule binti aliyeletwa kutoka Lushoto kwa ahadi ya kazi za ndani, hajatimiza miaka 18. Mwenye gesti alimfungulia daftari la madeni: nauli, dera, wigi, kitanda kwa siku. Akipokea mteja deni linapungua, kesho yake linaongezwa sabuni, maji, na "faini ya kununa". Hiyo faini nimeisoma kwa macho yangu. Kituoni, askari wa zamu akataka kumwandikia binti uzururaji. Msaidizi wetu wa kisheria aling'ang'ania apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto, mkononi ana Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, ambayo kwayo ridhaa ya mtoto, hata ya mzazi wake, si utetezi. Likafunguliwa jalada jingine na daftari likawa kielelezo. Kesi inaendelea, naishia hapo.

Juu ya mteja hatukuelewana. Wapo wanaotaka njia ya Sweden, ambayo tangu 1999 inamwadhibu mnunuzi na kumwacha muuzaji. Ufaransa ikaifuata 2016. Akina dada wanaogawa kondomu usiku wanaitazama New Zealand, iliyoondoa kosa kwa muuzaji na mnunuzi 2003. Wanasema mteja anayeogopa polisi humvuta mwanamke vichochoroni. Masheikh na wachungaji hawakutaka hata moja, lakini nashukuru walikaa hadi mwisho. Mimi naegemea Sweden, ila sioni nani huku atamshusha mnunuzi kwenye gari lake. Ndiyo maana barua yetu kwa Tume ya Kurekebisha Sheria haijamgusa mteja.

Lipo na la nyumbani. Humu wamo wenye vyumba vya kupangisha Ngamiani na Makorora. Kamati inapendekeza kwamba mwanachama anayepokea kodi akijua chumba ni danguro avuliwe uanachama. Tutapiga kura baada ya chakula. Kura ya siri, kama baadhi yenu mlivyoomba.