Shangazi, mabenchi yetu tuachie

Shikamoo shangazi. Kamwene na huko Dar. Barua hii ningekutumia mwenyewe, ila habari kwamba unataka kununulia kanisa letu viti vya plastiki na mimbari ya kioo, badala ya mabenchi na mimbari tulivyonavyo, imeshafika kwenye grupu la WhatsApp la kijiji kizima, basi acha nikujibu hapa hapa, na wao wasome.

Moyo wako tunaujua, na tunashukuru. Lakini viti hatuvitaki.

Hiyo mimbari unayosema imechakaa ni ya mkongo. Mti uliangushwa huko chini kwenye miombo, ukapasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini akila unga wa mbao machoni. Mbao zikapandishwa mlima vichwani. Babu, yaani baba yako, hakutumia msumari hata mmoja: kila ubao una ulimi unaoingia kwenye tundu la mwenzake, kisha kijiti kinapigiliwa kati. Ufundi huo aliupata kwa mzee aliyefundishwa useremala misheni, enzi za wamisionari wa Berlin. Hao waliingia Unyakyusa mwaka 1891, wakapanda hadi Ubena na Uhehe, na popote walipotaka kanisa walihitaji mafundi. Vita ya 1914 ikaja, Wajerumani wakaondolewa, randa na patasi zikabaki kwa wenyeji.

Sasa lile pambo la mbele. Wazee wa kanisa walimwagiza achonge mzabibu. Babu zabibu hakuwahi kuziona, ila kwenye picha ya Biblia. Akachonga alichokijua mkono wake, na ukitazama vizuri utaona ni masuke ya ulezi. Mchungaji wa wakati ule alicheka, akaacha. Mimi nimekua nikiamini Yesu alisema, "Mimi ni ulezi wa kweli," mpaka darasa la Kipaimara liliponisahihisha.

Mabenchi ni ya mninga, mti ule unaotoa utomvu mwekundu ukiukata, mpaka watoto tulikuwa tunaogopa kuugusa. Kila kaya ilichangia debe la mahindi kuwalisha wapasuaji. Mchwa haujayagusa hadi leo, wakati rafu ya paini tuliyonunua juzi kwa ajili ya vitabu vya nyimbo imeshaliwa mguu mmoja. Ni kweli hayana egemeo, na ibada ikizidi saa mbili mgongo unalalamika. Hilo sitakubishia.

Vikapu vya sadaka ni vya nyasi za milulu, vimesukwa na akina mama wa huku huku. Kitambaa cha altare cha zambarau walikidarizi wao, nacho hutoka kabatini kwa Majilio na Kwaresima tu. Birika la ubatizo ni kisiki kilichochimbwa, ndani bakuli la bati. Hapo ulibatizwa wewe, nikabatizwa mimi, na mwanangu pia, akapiga kelele mpaka kwaya ikanyamaza.

Mimbari ya kioo nimeiona mjini. Inang'aa, mhubiri anaonekana mpaka viatu. Ikipasuka, fundi wa kuirudishia hapa hayupo. Ya Babu ikilegea, kijana yeyote anayejua kushika patasi anaweza kuchonga kijiti kipya.

Kama hela bado unayo, tazama juu. Paa linavuja pale pale juu ya mimbari, na mvua za masika hazingoji. Bati nane za geji 28 zinatosha, na fundi atakula kwetu.

Na ukija Krismasi, kaa benchi la tatu upande wa akina mama. Herufi ulizochora kwa wembe siku ile ya mahubiri marefu bado zipo. Mchungaji kila mwaka anauliza ni nani aliyefanya vile, nasi tunatazama chini. Nadhani sasa ameshajua.