Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Jahazi la 1:20

Ndugu wanachama,

Mkutano wa mwaka jana ulitupa kazi moja: tuache kuunda modeli za majahazi kwa kukisia, tuunde moja iliyopimwa kutoka kwenye chombo halisi. Kazi hiyo imefanyika. Jahazi lipo mezani mbele yenu, lina urefu wa sentimita 60, na upande wa kushoto haujapakwa rangi ili kila mtu aone mbao zilivyopangwa. Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi nitasema juu ya kazi yenyewe, hasa pale ilipoharibika, kwa kuwa najua wengi wenu mna modeli nusunusu nyumbani zenye matatizo hayo hayo.

Mafundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu, na Nungwi, Unguja, hawaundi kwa mchoro. Wanaunda kwa jicho, kwa fito na kwa uzoefu wa waliowafundisha, kwa hiyo mchoro wa jahazi umo ndani ya jahazi lenyewe. Chombo kikioza ufukweni, mchoro umekwenda nacho. Tazameni yaliyokipata chombo cha kale, mtepe. Ulishonwa kwa kamba za nazi, ukachukua tanga la mkeka na kubeba mizigo ya pwani hii kwa karne nyingi, na leo tunaujua kwa picha, kwa maelezo ya watu wachache walioandika, kwa modeli zilizo katika makumbusho, na kwa nakala ya ukubwa kamili iliyowekwa Beit al Ajaib, Zanzibar. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Majahazi ya mbao bado yapo, lakini boti za faiba zinaongezeka kila mwaka. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi ya kwanza ya chama hiki ni futi ya kupimia na daftari, kabla ya patasi.

Upimaji tuliufanya wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na chombo kukaa kavu kwa saa za kutosha. Kosa la kwanza lilitokea siku hiyo hiyo. Tulishusha timazi ili kupata wima, tukasahau kwamba chombo kilicholala mchangani huegemea ubavu mmoja. Wima wa timazi si wima wa chombo. Vipimo vilipochorwa, ubavu mmoja ulitoka mnene kuliko wa pili. Bamvua iliyofuata tuliiacha timazi. Tulilaza ubao ulionyooka juu ya kingo mbili, kushoto hadi kulia, tukaweka skwea juu yake, na kila kipimo tukakichukua kutoka kwenye ubao huo kwenda chini, kila sentimita 25. Vituo vya kupimia viliwekwa kila mita 1 katikati, na kila nusu mita karibu na omo (mbele) na tezi (nyuma), kwa kuwa huko ndiko umbo linakobadilika upesi. Watu watatu wanatosha: wawili wapime, mmoja aandike na kurudia namba kwa sauti.

Nyumbani vipimo vinawekwa kwenye karatasi na kupitishiwa ufito mwembamba unaopindika. Ufito ukipita laini kwenye nukta zote, namba ni nzuri. Ukifanya kibyongo mahali, mara nyingi ni kosa la kusoma futi, na dawa yake ni kurudi ufukweni chombo kabla hakijatweka. Msiusawazishe mstari mezani kwa kukisia. Sisi tulirudi kwa ajili ya nukta nne.

Juu ya skeli, kamati inapendekeza 1:20 kwa modeli zote za pamoja. Kila sentimita ya chombo inakuwa nusu milimita, basi rula ya shule inatosha. Ubao wa unene wa sm 4 unakuwa mm 2, taruma, yaani ubavu wa ndani unaoshikilia mbao, la sm 10 linakuwa mm 5, kamba ya mm 24 inakuwa uzi wa mm 1.2, na baharia wa mita 1.70 anasimama mm 85. Skeli za 1:24 na 1:48 zilizozoeleka kwenye michoro ya kigeni zimetokana na inchi na futi. Zinafaa huko zilikozaliwa, kwetu zinazalisha makosa ya kukokotoa tu.

Sasa mbao, ambako kazi ilikaa miezi mingi kuliko kwingine kote. Kwenye taruma la katikati, kutoka mkuku (mti mkuu wa chini ya chombo) hadi ukingoni, tulipata mm 150, yaani mbao 15 za upana wa mm 10. Omo, mwendo huo huo ni mm 96. Maana yake kila ubao lazima upungue taratibu kutoka mm 10 hadi mm 6.4. Asiyepunguza huona ubao wake unapanda juu kadiri unavyokaribia omo. Akiusukuma kwa nguvu urudi chini, unajikunja ubavuni na kuacha mwanya ambao baadaye hujazwa kwa vumbi la mbao na gundi. Kila modeli yenye madoa ya namna hiyo karibu na omo imepata ugonjwa huu. Pimeni mzunguko kwenye kila taruma, gawanyeni kwa idadi ya mbao, tieni alama kwa penseli kabla hamjagusa gundi. Pale ubao unapotaka kushuka chini ya nusu ya upana wake, usichongwe zaidi, maana hautakuwa na mahali pa kushika msumari: acheni mbao mbili ziishie kwenye moja.

Ubao wa mm 2 unalainika ukikaa kwenye maji ya moto robo saa hivi. Ukitoka majini umevimba upana. Ukigundishwa ukiwa mbichi, utanywea ukikauka na kufungua mwanya wa unene wa karatasi kwenye kila ungio. Ubaneni mahali pake kwa vibanio, ulale usiku mzima, kisha utoeni mkavu, ndipo mtie gundi. Pia pigeni ubao mmoja kulia, mmoja kushoto, kwa zamu. Tulipotanguliza mbao nne upande mmoja, mkuku ulipinda mm 3 ndani ya siku mbili, ikabidi tuzibandue zote. Tangu hapo mkuku ulifungwa kwa skrubu kwenye ubao mzito na haukufunguliwa mpaka mbao zote zilipokamilika.

Waliotumia mbao za msaji wameuliza kwa nini gundi haishiki. Msaji una mafuta. Futeni uso wa ungio kwa spiriti, ikauke, gundisheni papo hapo. Gundi nyeupe ya mbao inafaa kwa modeli ya kabatini. Itakayoingia majini inahitaji epoksi au gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji. Gundi ile ya kukauka sekunde chache haifai kwenye mbao: inavunjika ikigongwa, na mvuke wake huacha ukungu mweupe. Kalafati, yaani pamba ya kuziba maungio ya mbao, msiiigize kwa pamba halisi, itatoka nene kama kamba. Pitisheni penseli laini ya 4B kwenye ukingo wa ubao kabla ya kuugundisha. Mstari mweusi unaobaki una unene unaostahili.

Kwenye mlingoti na tanga nitasema machache. Mlingoti wa jahazi huinamia mbele. Modeli nyingi zinazouzwa kwa watalii zimeusimamisha wima au kuuinamisha nyuma, na hapo chombo chote kinaonekana cha nchi nyingine. Foromali halisi, yaani mti unaobeba tanga, huungwa kwa miti iliyofungwa pamoja kwa kamba, basi nasi tufunge, tusichonge kijiti kimoja. Ikae upande wa chini ya upepo (upepo unakoelekea), na kamba za kushikilia mlingoti zikazwe upande wa juu ya upepo (unakotoka). Kwa tanga tumieni bafta nyembamba iliyofuliwa wanga wote ukatoka, kisha ichovyeni kwenye chai kavu ili weupe ukatike. Vipande vya kitambaa vielekee sambamba na ukingo wa nyuma wa tanga. Kitambaa cha upana wa sm 60 kinakuwa mm 30. Hapo nimeona makosa hata kwa mafundi wetu wazuri: mishono imelazwa sambamba na foromali.

Wapo walioudhika kwamba modeli zao, sahihi kwa kila kipimo, zilipinduka mara tu zilipowekwa majini. Si kosa lao, hesabu ndiyo inayokataa. Ukigawa urefu kwa 20, eneo la tanga linagawanyika kwa 400 na uzito kwa 8,000. Nguvu ya upepo ya kupindua, yaani eneo la tanga mara kimo chake, hupungua mara 8,000, lakini nguvu ya chombo ya kujinyanyua, yaani uzito mara upana, hupungua mara 160,000. Kwa upepo ule ule, modeli ni rahisi kupinduka mara 20 kuliko jahazi lake. Upepo wa kilomita 28 kwa saa unaomfaa nahodha halisi, kwa modeli unalingana na wa kilomita 6 hivi. Basi tuiweke majini asubuhi mapema, na tuifungie mkuku wa bandia wa kuchomoka. Jahazi la tani 12 linapaswa kuwa na kilo 1.5 kwa skeli yetu. Letu lilikuwa na gramu 900, likaongezwa gramu 500 za risasi za nyavu kwenye ncha ya ubao wa kina cha sm 15, na gramu 100 ndani ya ngama (sehemu ya chini kabisa ya chombo). Lilitulia. Likirudi kabatini ubao unachomolewa, na tundu lake halionekani.

Ombi la kuunda mtepe mzima tumelijadili na kamati haikubaliani nalo kwa mwaka ujao. Kwa chombo cha sm 60 chenye mbao 15 kila upande na tundu kila mm 3 kwenye kila ukingo, kila ungio unahitaji matundu 400; kwa maungio 28 ni matundu 11,200 ya nusu milimita, bila kuhesabu mkuku. Keekee ya ukubwa huo hukatika kwa kutikisika mkono kidogo tu. Tunapendekeza kipande cha ubavu kwa skeli ya 1:10, mbao tano na mataruma matatu, kikionyesha vijiti vya kuunganisha kingo, mshono, na matundu yalivyozibwa. Hapo mtazamaji ataelewa mtepe kuliko kwa modeli nzima iliyochorewa mishono kwa kalamu.

Kuhusu karakana: vumbi la mvule linawasha ngozi na kuumiza kifua. Barakoa ni lazima kwa anayepiga msasa, na kuanzia sasa mvule utapigwa msasa nje tu.

Mnaombwa kupiga kura juu ya mambo matatu: skeli ya 1:20 kwa kazi za pamoja, kipande cha mtepe badala ya mtepe mzima, na vyombo viwili vya kupima mwaka ujao, mashua moja na ngalawa moja. Ngalawa ipimwe kwanza, pamoja na mirengu yake (miti ya ubavuni inayoizuia isipinduke), na wanachama wapya ndio washike futi. Orodha ya zamu iko mlangoni, imepangwa kwa kufuata bamvua.