Mdogo wangu, ile picha ninayo mimi

Mdogo wangu,

Simu yangu hupokei. Ujumbe unausoma kisha kimya, alama zake naziona. Ila hapa najua huwa unapita, basi nakuandikia hapa hapa, na wengine wakisoma, wasome.

Kwanza ujue ile picha ya mwanao, ya kwenye maonyesho ya shule, haikutupwa. Uliiacha juu ya meza ya kitabu cha wageni, nami nikaichukua. Kona iliyochanika nimeiziba kwa nyuma kwa selotepu. Kwa mbele huoni kitu mpaka uonyeshwe.

Siku ile uliniuliza, watu wote wanasikia, nani kamfundisha mwanao kuanika mambo ya nyumbani. Nilijibu ovyo. Ngoja nijibu sasa. Mwaliko wa maonyesho ulikuwa ukurasa mmoja na saini yako ipo: kila mwanafunzi alete kazi moja inayojibu swali "Mimi ni nani?", karatasi isizidi ukubwa wa A3, atumie anachotaka, penseli, rangi ya maji, hata vipande vya magazeti, na aandike maelezo yasiyozidi maneno 50. Chini kabisa niliandika kwamba kazi zote zitatundikwa ukumbini na wazazi wataalikwa. Hukusoma? Mimi husoma kila ninachotia saini, lakini hayo ni mambo yangu.

Swali kama lile ukilitupa darasani bila maandalizi, unajua watoto wanaleta nini? Bendera, moyo, mpira, na jina kwa herufi nene zenye kivuli. Ndiyo maana wiki ya kwanza ilikuwa ya vioo tu. Karibu kila mtoto huyaweka macho juu mno, kwa sababu tunausahau utosi, kumbe macho yako katikati ya kichwa. Mwanao hakungoja kuambiwa. Aliyaweka kwenye nusu kamili, mara ya kwanza, nami nikajua katoa wapi. Wewe ndiye uliyekuwa unachora, si mimi. Lile daftari la jalada la kijani! Ulivyomchora mama kalala mdomo wazi, tukacheka mpaka akaamka. Mimi nilikuwa nanakili kazi zako usiku, na leo mwalimu wa sanaa ni mimi. Usidhani halijawahi kuniuma hilo.

Wiki ya pili niliwaonyesha wenzao wa umri wao. Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, alijichora kwa kujitazama kiooni mwaka 1484, ana miaka 13, na ukubwani akaandika juu ya karatasi ile ile kwamba wakati huo alikuwa bado mtoto. Samuel Fosso, mpiga picha, naye alikuwa na miaka 13 alipofungua studio yake ya picha mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975. Mchana anapiga wateja, jioni filamu iliyobaki anajipiga mwenyewe, nyingine anamtumia bibi yake Nigeria ajue mjukuu ni mzima. Mwanao, naye wa miaka 13, akasema taratibu kwamba yeye angempelekea mama.

Hilo nilipaswa kukwambia siku ile ile. Sikukwambia.

Sasa ile picha. Najua uliiona sekunde chache tu, ngoja nikuelezee. Uso wake kwa penseli, umetazama mbele, umetulia. Kuzunguka kichwa kaandika kwa herufi ndogo kila anavyoitwa: jina la kwenye cheti, jina la uwanjani, "huyu mrefu", "we kijana". Na juu ya midomo, kwa mwandiko mzuri kuliko mwingine wote: "Kama baba yako tu."

Si matusi. Wala hakuandika nani anasema. Ila wewe ulijua, na mimi nilijua, kwa sababu nimekusikia ukilisema mezani, mlangoni, hata siku alipopata alama nzuri.

Nilikuwa nakuja kukupokea, nacheka, mkono nimeshaunyoosha. Ukasoma. Ukavuta. Pini nne zikaruka, kona ikabaki ukutani. Hukumtazama hata yeye, ulinitazama mimi. Halafu ukatoka. Na mwanao hakulia, hakukufuata. Alichuchumaa akaanza kuokota pini, kwa kuwa watoto wa madarasa ya chini walikuwa wanaingia. Akapata tatu. Akaingia chini ya meza. "Mama mkubwa, zilikuwa nne, sivyo?" Shuleni mimi ni Mwalimu, tulikubaliana hivyo tangu siku ya kwanza, na miaka miwili hajateleza. Siku ile akaniita mama mkubwa mbele ya shule nzima, yuko chini ya meza, anatafuta pini.

Kukusamehe kwa maneno uliyonitupia mimi, nimeshasamehe. Hilo la pini bado.

Frida Kahlo, yule mchoraji wa Meksiko, alipovunjika mwili kwenye ajali ya basi mwaka 1925, mama yake ndiye aliyeagiza kiegemezo cha kuchorea akiwa kitandani. Nakutajia kwa sababu... basi tu. Mtoto akikuletea picha yake, itazame kwanza ndipo uisome. Ungeona alivyoyachora macho yako. Ndiyo, yako, ana macho yako yule, hayana hata chembe ya baba yake.

Utasema nami nina langu. Ninalo. Aya hii nimeifuta mara tatu. Alipoleta kazi yake aliniomba niitundike nyuma ya mlango, karibu na vyungu, ambako watu hupita bila kusimama. Nikamwambia sawa. Asubuhi ya maonyesho nikaihamishia ukuta wa mbele, mkabala na lango, maana ilikuwa kazi bora kuliko zote na nilitaka mwalimu mkuu aione. Nani angeificha kazi kama ile? Mwalimu gani? Sikumuuliza, ni kweli, lakini nilifanya kwa kumpenda. Na tuseme ingekaa nyuma ya mlango, wewe usingeisoma? Wewe unayekagua mpaka mifuko yake?

Samahani. Nilisema sitafika huko.

Maonyesho yanarudi muhula huu, na swali ni lile lile. Kwenye fomu nimeongeza mstari mmoja ambapo mwanafunzi anaandika mwenyewe kazi yake itundikwe wapi. Yake iko mfuko wa mbele wa begi tangu Jumatatu, najua hujaonyeshwa. Kwenye mstari ule kaandika "nyuma ya mlango". Sehemu ya mzazi iko wazi, na mwisho wa kurudisha ni Ijumaa.