Colson alifungwa kwa kosa lipi hasa?

Mhariri,

Charles Colson, msaidizi wa Rais Nixon wa Marekani, akitajwa kwenye mahubiri ya toba, husemwa kwamba alifungwa kwa sababu ya Watergate, kashfa ya kuvunja ofisi za chama cha upinzani na kuuficha uhalifu huo. Sivyo, na tofauti hiyo ina uzito. Mashtaka ya kuficha uhalifu wa Watergate yalifutwa baada ya yeye kukiri kosa jingine Juni 1974: kupotosha haki kwa kupanga kumchafulia jina Daniel Ellsberg, aliyevujisha nyaraka za siri za vita vya Vietnam, wakati akiwa na kesi mahakamani. Alihukumiwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3 na faini ya dola 5,000, akakaa ndani takriban miezi 7.

Ukisema Watergate, aliyekosewa ni Marekani nzima, na hapo hakuna wa kuombwa radhi. Ukisema Ellsberg, yupo mtu. Yupo pia daktari wake wa akili, Lewis Fielding. Septemba 1971, katika kampeni hiyohiyo ya kummaliza Ellsberg, watu waliotumwa kutoka Ikulu ya Marekani walivunja ofisi ya daktari huyo huko Beverly Hills, wakabanjua makabati ya mafaili, wakamwaga vidonge sakafuni ili ionekane ni kazi ya mwizi mtumia dawa za kulevya.

Kazi aliyoifanya Colson baadaye siwezi kuibeza. Mwaka 1976 alianzisha Prison Fellowship, shirika la Kikristo la kuwahudumia wafungwa, na Tuzo ya Templeton ya 1993, zaidi ya dola milioni 1, aliitoa kwa shirika hilo. Tazama mpango wao wa Angel Tree, ulioanzishwa 1982 na Mary Kay Beard, mwanamke aliyewahi kufungwa. Mfungwa anaorodhesha watoto wake na kuwaandikia ujumbe. Waumini wananunua zawadi na kuipeleka wakati wa Krismasi kwa jina la mzazi. Ingepelekwa kwa jina la kanisa ingekuwa sadaka tu, na baba angebaki hayupo.

Upo pia mpango uliopewa jina la mkuyu wa Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia aliyetubu. Kwa wiki kadhaa wafungwa hukaa na watu waliowahi kutendewa uhalifu, lakini si wale waliowakosea wao wenyewe. Ni maandalizi mazuri. Hatari yake ni kuyachukua machozi ya kikaoni kama mwisho wa safari, ilhali Zakayo aliahidi kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu. Rwanda walikwenda mbali zaidi: katika vijiji vya maridhiano, waliofanya mauaji ya kimbari na manusura wamejenga nyumba pamoja na wanaishi kama majirani.

Ndiyo maana namfikiria Egil Krogh, mmoja wa wakuu wa kikosi kilichovunja ofisi ya Fielding. Alikiri Novemba 1973, akakataa kutoa taarifa kabla ya hukumu asije akaonekana anainunua huruma, akatumikia miezi minne na nusu, kisha akaenda kumwomba Fielding radhi ana kwa ana. Leseni ya uwakili aliyonyang'anywa 1975 alirudishiwa 1980. Hakuacha shirika la kimataifa, lakini kwa mafunzo ya toba magerezani kwetu ningeanza na yeye, Colson afuate.

Naomba waandishi wako wanapomsimulia Colson, jina la Ellsberg lisikosekane.

Msomaji,
Arusha