Shukrani kwa mzee wa baiskeli, Mji Mkongwe

Shikamoo mzee wetu, popote ulipo. Mimi ni yule binti wa bara uliyemkuta kichochoroni Jumamosi alasiri, simu mkononi, ramani imegoma, na mama yangu kakaa barazani na kiatu kilichokatika kamba.

Tulitoka Ngome Kongwe tukitafuta kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa hadi 1873. Mlango mmoja wenye misumari ya shaba tulishaupita mara tatu. Mama alianza kusema mji huu, ndiyo maana masultani waliuacha! (Hawakuuacha, mama. Waliondolewa, 1964.)

Ukashuka kwenye baiskeli, mikate ya bofulo ikining'inia kwenye usukani. Hukuuliza mengi. Ulifungua mpira wa keria, ukapiga magoti, ukamfunga mama kiatu chake mizunguko miwili, fundo pembeni lisimuumize. Kisha ukatutangulia ukikokota baiskeli hadi kanisani, ukatuambia tusikose kuutazama ule msalaba wa mti, uliochongwa kwa mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake.

Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, tuliishia kuliona kwa nje tu. Sawa.

Nilipotoa noti ulisema, "Mie nakwenda huku huku." Mzee, ulikuwa unatoka huko! Nilikuona ukigeuza.

Ahsante sana. Mpira wako tunao, mama kauosha na anauliza kila siku tutaurudisha lini.