Anayebaki na watoto wa Nora

Mhariri,

Wasomaji wako wawili wamezozana majuma kadhaa sasa kuhusu Nora, mke wa meneja wa benki katika A Doll's House, tamthilia ya Henrik Ibsen ya 1879. Mmoja ashikilia kuwa Nora ni shujaa kwa kumwacha mume aliyemfanya mwanasesere. Mwingine asema mama mwenye akili timamu hawezi kuwaacha watoto watatu usiku. Nimewafuata wote wawili, na sijaona aliyemtaja Anne-Marie.

Anne-Marie ni yaya wao. Hasemi mengi, lakini katika sehemu ya pili Nora anamwuliza alipata wapi moyo wa kumwacha mwanawe kwa watu baki. Yaya anamjibu kwamba hakuwa na budi, kama alitaka kuja kumnyonyesha Nora mdogo. Alikuwa msichana maskini aliyeharibikiwa, na mwanamume mwenyewe hakumsaidia kwa lolote. Binti yake hajamsahau, anasema: alimwandikia alipopata kipaimara, na tena alipoolewa.

Barua mbili. Maisha mazima!

Mama yangu alifanya kazi Lavington, mtaa wa matajiri hapa Nairobi, miaka kumi na minne, mimi nikilelewa na nyanya huko Vihiga. Alikuja Disemba, siku nne au tano, na begi la nguo zilizowabana watoto wa mwajiri. Sweta moja ilikuwa na jina la mwenyewe limeshonwa ndani ya kola. Wenzangu shuleni walilisoma, wakaanza kuniita jina hilo, nami nikaitika hadi darasa la saba. Kwa hivyo mtu akiniambia Nora aliamua mwenyewe kuondoka, namwuliza: aliondoka akimwachia nani? Anamwambia mumewe waziwazi kuwa watoto wamo katika mikono bora kuliko yake mwenyewe. Anne-Marie naye alimwacha mwanawe, tena kabla ya Nora kujua kutembea, ila yeye hakuwa akijitafuta. Alikuwa akitafuta riziki. Hapo ndipo tabaka linapowatenganisha mama wawili walio chini ya paa moja.

Simlaumu Nora. Sheria ya wakati ule haikumruhusu mke kukopa bila idhini ya mumewe, ndiyo maana akaighushi sahihi ya babake ili apate pesa za kumpeleka mume kutibiwa. Dhiki yake ni ya kweli. Lakini ni dhiki ya nyumba yenye yaya, mtumishi, na kinanda sebuleni.

Kisa hiki kina kioja. Tamthilia ilipopelekwa Ujerumani mnamo 1880, mwigizaji mkuu alikataa kucheza mama anayewatoroka watoto, na Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine ambapo Nora anaishiwa nguvu mlangoni pa chumba chao na kubaki. Ibsen mwenyewe aliuchukia mwisho huo. Basi huruma yote ikaenda kwa watoto wa Nora. Yule wa Anne-Marie hata jina hakupewa.

Mimi pia nina yaya sasa, hapa Umoja. Ana mtoto wa miaka minne Kitui. Juzi, baada ya kusoma barua za hao wenzangu, nilimwuliza huongea naye kwa simu lini.

"Jumapili," akasema, akikunja nguo za wanangu, "kredo ikiwepo."

Msomaji,
Umoja, Nairobi